Mtu Aliyeuliza kwa Barua



Mwezi Januari mwaka 1862, kisanduku cha maua kilifika kwenye nyumba moja ya shamba huko Kent, nje kidogo ya London. Aliyekituma alikuwa James Bateman, Mwingereza tajiri aliyekuwa na mapenzi makubwa ya kuotesha okidi. Ndani ya kisanduku mlikuwa na ua jeupe lenye umbo la nyota, ambalo asili yake ni Madagaska. Mwenye nyumba alilichukua ua lile, akaligeuza, akaona nyuma yake unaning'inia mrija mwembamba wenye urefu wa karibu sentimita 29. Asali ya ua ilikuwa imetulia chini kabisa ya mrija huo, kwenye sentimita nne za mwisho. Hapo hapo akamwandikia rafiki yake Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea kwenye bustani ya Kew, kumweleza mshangao wake: ni mdudu gani duniani awezaye kuinywa asali iliyofichwa mbali kiasi hicho?

Mwaka huo huo alichapisha kitabu kuhusu okidi. Humo akasema kwamba lazima huko Madagaska kuna nondo mwenye mrija wa kunyonyea unaofikia sentimita 25 au zaidi. Baadhi ya wataalamu wa wadudu walimcheka. Mwaka 1903 nondo huyo aliandikwa rasmi katika vitabu vya sayansi, akapewa jina la kukumbusha kwamba alitabiriwa kabla ya kuonekana. Ndugu zake wa bara wanaruka usiku mpaka huku kwetu Afrika Mashariki.

Mwenye nyumba alikuwa Charles Darwin, na Madagaska hakuwahi kukanyaga. Alikuwa amesafiri kwa meli ya Beagle kuizunguka dunia kuanzia mwisho wa mwaka 1831 hadi 1836, lakini aliporudi Uingereza hakutoka tena nje ya nchi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1882. Miaka arobaini na mitano na ushei! Mwaka 1842 alihamia kijiji cha Down pamoja na mkewe Emma, na maradhi ya tumbo na uchovu yakamfunga hapo. Vitabu vingi vilivyomfanya ajulikane ulimwenguni, kikiwamo kile cha mwaka 1859 juu ya asili ya spishi, aliviandika akiwa kijijini.

Mtu anayekaa kijijini ameujuaje ulimwengu wote? Kwa kuuliza na kusoma. Tumezoea kuambiwa kwamba mwanasayansi mkubwa ni mtu aliyekaa peke yake, wazo likamjia kama umeme. Mimi naona maisha ya Darwin yanaikataa hadithi hiyo. Barua zake zinazojulikana leo, alizoandika na alizoandikiwa, ni kama 15,000, na waliobadilishana naye ni watu takriban 2,000. Wamo maprofesa, wakulima wa bustani, manahodha, wamisionari, wafugaji wa njiwa na akina mama waliokuwa wakichunguza mimea majumbani mwao.

Posta nayo ilikuwa imebadilika wakati ule. Kabla ya mwaka 1840, anayepokea barua Uingereza ndiye aliyelipa, na malipo yalipanda kwa umbali. Mwaka huo serikali ikaweka bei moja, peni moja kwa barua nyepesi kwenda popote nchini, tena ikilipwa na mtumaji kwa kubandika stempu. Sasa mtu angeweza kumwandikia mgeni asiyemjua bila kumtwisha gharama. Darwin aliitumia nafasi hiyo kuliko mwanasayansi yeyote wa zama zake ninayemfahamu.

Mwanawe Francis ametuachia maelezo ya siku ya baba yake ilivyokwenda. Saa tatu na nusu asubuhi, baada ya kazi ya kwanza, Darwin alitoka chumba chake cha kusomea kwenda sebuleni kuangalia barua za siku hiyo. Zikiwa chache alifurahi. Za ndugu na jamaa alisomewa kwa sauti huku amejilaza kwenye kochi. Kuandika majibu kulisubiri mchana, baada ya kula na kusoma gazeti. Alikaa kwenye kiti kikubwa karibu na moto, ubao umelazwa juu ya mikono ya kiti, karatasi juu ya ubao. Barua ikiwa ndefu, aliandika kwanza rasimu nyuma ya karatasi kuukuu za miswada yake, kwa mwandiko ambao yeye mwenyewe mara nyingine ulimshinda kuusoma, kisha akamsomea mwanawe aiandike vizuri.

Hapo pana jambo linalonigusa sana. Barua ikiwa inakwenda kwa mtu wa nchi nyingine, Darwin alimwambia Francis ajitahidi kuandika kwa hati safi, kwa kuwa msomaji ni mgeni. Tena alipenda sentensi yenye jambo kubwa ianzie aya mpya, ili jicho la msomaji lisiipite. Hakuchukulia kwamba anayemwandikia ana wajibu wa kuhangaika na maandishi yake. Alijua anaomba msaada, naye akamrahisishia kazi mwenye kuombwa.

Barua za watu wasio na maana nazo alizijibu, maana asipozijibu dhamiri ilimsumbua. Aliwahi kuchapisha kikaratasi cha jibu moja kwa wasumbufu, lakini karibu hakukitumia kabisa.

Kuzihifadhi barua lilikuwa jambo jingine. Alizichomeka kwenye vyuma vyenye ncha, vile ambavyo wenye maduka huchomekea risiti. Vyuma vyake vilikuwa vichache. Vikijaa, alichukua barua za miaka kadhaa akazitia moto ili apate vyuma vitupu! Kwa njia hiyo karibu barua zote alizoandikiwa kabla ya mwaka 1862 ziliteketea. Baadaye alishawishiwa aanze kuzitunza zilizo muhimu. Kwa hiyo tukisoma mazungumzo yake ya miaka ya mwanzo, mara nyingi tunamsikia Darwin peke yake, na jibu la mwenzake tunalazimika kulikisia kutokana na shukrani au ubishi wa barua inayofuata. Nikifikiria majivu yale nasikitika kabisa.

Rafiki wa kalamu wa kwanza kwa ukaribu alikuwa Hooker. Walianza kuandikiana mwaka 1843, Hooker alipokuwa ametoka safari ya bahari za kusini, na barua zilizosalia kati yao ni kama 1,400. Tarehe 11 Januari 1844, Darwin alimfungulia siri: kwamba amekaribia kuamini kuwa spishi hazikuumbwa zikakaa vile vile daima, bali hubadilika. Akaongeza kwamba kulisema hilo ni kama kukiri kuua mtu. Siri nzito hivyo aliiweka kwenye bahasha, akampa mtu waliyekuwa wamefahamiana kwa muda mfupi tu. Hooker hakumkimbia, wala hakumkubalia haraka. Alimpinga, akamletea mimea ya visiwa na ya milimani iliyokuwa vigumu kuelezeka, akamlazimisha kufikiri upya. Ubishi huo uliendelea miaka mingi bila kuvunja urafiki.

Lakini kinachonifanya nimheshimu Darwin zaidi ni vile alivyowaendea watu wasio na vyeo. Alipotaka kujua jinsi mfugo unavyobadilika kizazi hadi kizazi, hakubaki na vitabu vya chuo kikuu. Alianza kufuga njiwa mwaka 1855, akajiunga na vyama viwili vya wafugaji wa njiwa jijini London, akakaa nao kwenye vilabu vyao vya pombe akisikiliza wanavyobishana juu ya mdomo wa njiwa au manyoya ya mkia. Mfugaji mmoja, William Tegetmeier, aliandikiana naye kwa miaka mingi, akimtafutia njiwa na kuku, akimpa habari za nani anafuga nini. Wasomi wengi wa wakati ule wasingethubutu kuuita ujuzi wa mtu kama huyo elimu. Darwin aliuingiza kwenye sura ya kwanza ya kitabu chake kikuu.

Kulikuwa pia na gazeti la wakulima wa bustani, Gardeners' Chronicle, lililosomwa na wenye mashamba na vibarua wa bustani pia. Mwaka 1855 Darwin aliwauliza wasomaji wake: je, maji ya bahari huua mbegu? Alitaka kujua kama mimea inaweza kuvuka bahari yenyewe na kuota visiwani. Naye hakungoja majibu tu. Aliziloweka mbegu kwenye chupa za maji ya chumvi nyumbani kwake, kisha akazipanda. Kati ya aina 87 alizojaribu, 64 ziliota baada ya kukaa majini siku 28, na chache zilistahimili siku 137. Jaribio hilo halihitaji maabara yoyote. Mwanafunzi wa sekondari wa Tanga au Mombasa anaweza kulifanya likizo hii kwa mbegu za kunde, bamia na mchicha, na bahari iko pale.

John Scott alikuwa mtunza bustani huko Edinburgh aliyemwandikia kumsahihisha juu ya okidi. Darwin hakuudhika. Alimsukuma afanye majaribio zaidi na kuyachapisha, na Scott alipokosa amani kazini, Darwin alimsaidia fedha za nauli kwenda India, ambako alipata kazi kwenye bustani ya mimea ya Calcutta.

Sasa tuje kwenye vitabu. Kwenye Beagle, maktaba ya meli ilikuwa na vitabu karibu 400, vimepangwa ndani ya chumba kile kile ambamo Darwin alitundika machela yake ya kulalia. Alisafiri na kitabu cha kwanza cha jiolojia cha Charles Lyell, alichopewa na nahodha FitzRoy. Cha pili kilimfuata kwa meli hadi Montevideo mwaka 1832. Alipotoka kwenda bara na nafasi ikawa ya kitabu kimoja tu mfukoni, alichukua mashairi ya Milton. Huku nyuma, barua alizomwandikia mwalimu wake Henslow zilisomwa mbele ya wanazuoni wa Cambridge mwaka 1835 na dondoo zake kuchapishwa, mwenyewe akiwa bado baharini. Aliporejea, jina lake lilikuwa limemtangulia.

Kuanzia mwaka 1838 aliweka madaftari ya usomaji: upande mmoja vitabu anavyotaka kusoma, upande mwingine alivyomaliza. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo alimsoma Malthus juu ya idadi ya watu, na mwenyewe anasema alikisoma kitabu kile kwa kujiburudisha. Humo akaona kwamba viumbe huzaliana kuliko chakula kinavyoongezeka, na papo hapo akaelewa kwamba katika mapambano hayo wenye tofauti yenye manufaa ndio watakaobaki. Ni burudani iliyozaa nadharia! Ila tukumbuke kwamba Malthus alikuwa amesomwa na maelfu ya watu kwa miaka 40. Darwin ndiye aliyemsoma akiwa amebeba swali.

Namna yake ya kushika kitabu ingewatia homa wakutubi. Kitabu kikiwa kizito, alikichana katikati kwenye uti wake ili kiwe chepesi mkononi. Vijitabu alivinyofoa kurasa zenye manufaa, nyingine akatupa. Kitabu kwake kilikuwa chombo cha kazi. Alikisoma na penseli, akapiga mistari pembezoni, na nyuma ya kitabu akaandika orodha ya kurasa zinazomhusu. Kisha orodha hizo ziliingia kwenye majalada makubwa 30 au 40, kila moja na mada yake, yaliyopangwa kwenye rafu za chumba chake. Kabla ya kuanza kuandika juu ya jambo lolote, alilitoa jalada lake, na kazi ya kusoma ya miaka mingi ikawa mbele yake mezani.

Alikuwa na kanuni moja ambayo naiona ndiyo siri ya yote. Kila alipokutana na habari inayopingana na mawazo yake, aliiandika mara moja bila kungoja. Alikuwa amegundua kwamba habari za kumpinga husahaulika upesi kuliko za kumuunga mkono. Ndiyo maana kitabu chake kilipotoka, wapinzani walikuta pingamizi nyingi walizozitayarisha tayari zimo ndani, zimejadiliwa na mwandishi mwenyewe.

Kijerumani kilimtesa. Alikisoma kwa kamusi, kidogo kidogo kila siku, akinung'unika. Zamani alipomwambia Hooker kwa fahari kwamba ameanza Kijerumani, Hooker alimjibu kwamba hilo si kitu, yeye ameshakianza mara nyingi. Hata hivyo Darwin hakukiacha, kwa kuwa majaribio mengi mazuri ya mimea yalichapishwa kwa lugha hiyo.

Na hapo hapo ndipo bahati ilipomkwepa. Gregor Mendel, mtawa wa Brünn, alikuwa amechapisha mwaka 1866, kwa lugha hiyo hiyo, majaribio yake ya njegere yaliyoonyesha sifa zinavyorithiwa, jambo ambalo Darwin alilitafuta maisha yake yote bila kulipata. Kitabu cha Wilhelm Focke kilichomtaja Mendel kilimfikia Darwin karibu na mwisho wa maisha yake. Vitabu vya siku zile viliuzwa kurasa zake zikiwa zimeshikana kingoni, na msomaji alizikata kwa kisu. Darwin aliwahi kuandika gazetini mwaka 1867 kulalamikia desturi hiyo. Katika nakala yake ya Focke, kurasa zinazomzungumzia Mendel hazikukatwa.

Riwaya alizipenda mno, lakini hakuzisoma mwenyewe. Gazeti tu ndilo alilojisomea nje ya sayansi. Riwaya, safari na historia alisomewa na Emma, yeye amelala kwenye kochi. Alitaka ziishe kwa heri, akasema zile zinazoishia kwa huzuni zingefaa kupigwa marufuku kwa sheria. Ushairi, ambao ujanani aliupenda, ulimtoka kabisa uzeeni, na Shakespeare akawa anamchosha mpaka kumchefua. Alilieleza hilo kwa majuto katika kumbukumbu za maisha yake: angepewa maisha mara ya pili, angejiwekea sharti la kusoma mashairi na kusikiliza muziki walau mara moja kwa juma.

Barua moja iliyomtikisa kuliko zote ilitoka visiwa vya mashariki ya mbali, mwezi Juni 1858. Alfred Russel Wallace, mkusanyaji wa wadudu na ndege, alimletea makala yenye wazo lile lile ambalo Darwin alikuwa amelitunza kwa miaka 20. Marafiki zake Lyell na Hooker waliamua maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja, tarehe 1 Julai, mbele ya chama cha kisayansi cha Linnean Society jijini London. Darwin hakuwapo. Siku tatu kabla alikuwa amefiwa na mtoto wake mchanga kwa homa. Yeye na Wallace waliendelea kuandikiana kwa heshima mpaka mwisho.

Ipo sehemu ya mtandao huu wa barua inayotuhusu sisi Waafrika, na sitaki kuipita haraka. Mwaka 1867 Darwin alichapisha karatasi ya maswali akaisambaza katika nchi nyingi: je, mtu akishangaa huyafumbua macho na kuinua nyusi? Aibu hubadilisha rangi ya uso? Watu hutikisa kichwa vipi wanapokubali? Aliwasihi wajibu kwa walichokiona kwa macho, si kwa kumbukumbu, kwa kuwa kumbukumbu hudanganya. Alitaka kuthibitisha kwamba binadamu wote huonyesha hisia zao kwa namna moja, kwa kuwa ni wa asili moja. Majibu 36 yalimfikia, na mengi yaliandikwa na wamisionari, maofisa na walowezi. Walioangaliwa hawakuulizwa wenyewe. Lakini kutoka Afrika Kusini lilikuja jibu moja lililoandikwa na Mxhosa, Christian Gaika, ndugu wa chifu Sandile, akieleza kwa Kiingereza hali ya watu wake. Gaika alisema watu wake hawabadiliki rangi kwa aibu. Darwin akaweka tahadhari kwamba huenda mabadiliko yapo ila hayaonekani. Aliyaita maandishi ya Gaika hati ya ajabu. Mimi sioni ajabu. Naona hilo ndilo jibu ambalo Darwin angepaswa kulitafuta kwa wingi, kama alivyowatafuta wafugaji wa njiwa, maana Gaika alikuwa akisema habari za nyumbani kwake. Dola ya Kiingereza ndiyo iliyobeba barua hizi, nayo iliamua pia nani aulizwe.

Kazi ya kuuliza haikukoma. Februari 1882, fundi viatu wa Northampton aitwaye Walter Drawbridge Crick alimpelekea kwa posta mbawakawa wa majini ambaye mguuni mwake alikuwa ameng'ang'aniwa na chaza mdogo wa maji baridi. Darwin, mzee wa miaka 73, alifurahi: huo ulikuwa ushahidi wa jinsi chaza wanavyohama kutoka kidimbwi hadi kidimbwi. Mbawakawa alifika angali hai kidogo, naye kwa huruma akamweka kwenye chupa yenye majani yaliyokatwakatwa ili afe bila kuteseka. Alimwandikia Crick kwa maswali zaidi, akampima chaza urefu na uzito, na taarifa ikatoka kwenye jarida la Nature tarehe 6 Aprili. Darwin alifariki siku 13 baadaye. Crick huyo ni babu yake Francis Crick, ambaye mwaka 1953 pamoja na James Watson alieleza umbo la DNA.

Barua hizi zilianza kukusanywa upya mwaka 1974, kazi iliyoanzishwa na Frederick Burkhardt na kuendeshwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1985, na zote ni juzuu 30. Zimewekwa pia kwenye intaneti, na kuzisoma hakulipiwi. Msikilizaji atakayetaka kuzionja asianze na zile za mwaka 1859, ambazo kila mtu anazitafuta. Aanze na barua kwa Hooker za miaka ya 1840, kisha arukie zile za Tegetmeier. Humo hatakuta nadharia nyingi. Atakuta mtu anauliza bei ya njiwa, anaomba radhi kwa usumbufu, na kabla ya kutia sahihi anaongeza swali jingine.